Tangi la pikipiki kongwe linavuja: tafuta tone linapoanzia

Ukikuta doa la petroli chini ya Vespa asubuhi, jirani wa kwanza kupita atakwambia tangi limetoboka. Wa pili atakuelekeza kwa mtu wa kuchomelea. Wote wawili wana haraka. Petroli ni nyembamba kuliko maji: hutambaa chini ya rangi, hufuata mpira, huzunguka koki, kisha hudondoka pahala pasipo na kosa lolote. Mimi nimelipa mara mbili kuchomelewa tangi la Honda CG125 kwa tone ambalo kumbe lilikuwa likitoka kwenye kabureta. Fundi hakuniibia. Nilimwambia "tangi linavuja", naye akachomelea alipoonyeshwa.

Maelezo haya ni ya matangi ya chuma yanayoteremsha petroli kwa uzito wake, bila pampu: Vespa ambazo tangi limejificha chini ya kiti, Honda za CG na zile ndogo za 50 na 90, pamoja na Yamaha na Suzuki za miaka ya 70 na 80 ambazo bado zinatembea Unguja na Pemba. Nimepanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu inayotokea sana.

Kabla ya kushika spana

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hauruki juu ukapotea, hutambaa sakafuni mpaka ukutane na moto. Nyumba zetu nyingi kazi hizi hufanyika uani, na uani ndipo penye seredani, na jioni ya Alhamisi hupita chetezo chenye ubani. Kwa hiyo toka nje, pahala penye upepo, mbali na jiko, sigara na koroboi. Mwanga wa simu unatosha, lakini usiichaji wala usiichezee ukiwa juu ya tangi lililo wazi. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza. Weka ndoo ya mchanga karibu, kwa sababu petroli ikiwaka ukaimwagia maji, itaelea juu ya maji na kukimbia na moto wake.

Jambo ambalo watu huliona kinyume: tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa. Hewa ikichanganyika na mvuke wa petroli kiasi cha asilimia 1.4 hadi 7.6, cheche moja inatosha kuilipua, na mchanganyiko wa namna hiyo hupatikana ndani ya tangi lililomwagwa jana, sio lililojaa mpaka shingoni.

Petroli unayoitoa itie kwenye dumu lenye mfuniko wake. Usiitie kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto hatauliza.

Kulitafuta tone

Osha tangi kwa maji ya sabuni, kwa nje tu, likauke kabisa. Chukua chaki ya skuli, isage, upake unga wake chini ya tangi, kwenye mishono, kuzunguka koki na chini ya mfuniko. Poda ya mtoto nayo inafaa. Subiri nusu saa. Petroli ikipita juu ya chaki huacha mstari mweusi ulio wazi kabisa. Ufuate mstari huo kwenda juu, usiufuate kwenda chini. Pahala pa juu kabisa palipolowa ndipo penye kosa.

Bila chaki, tazama madoa ya zamani. Petroli ikikauka huacha rangi ya manjano au kahawia kama ya chai iliyomwagika, na kwenye Vespa zinazochanganywa oili, doa hilo hunata na kushika vumbi.

Kisha funga koki. Kama tone linakoma baada ya dakika chache, tangi lako ni zima na kosa liko chini ya koki. Jaribio hili halina gharama yoyote, na ndilo ambalo sikulifanya.

Harufu ya petroli ipo, tone halionekani

Mara nyingi ni mpira wa mfuniko. Umekauka, umepasuka, au mtu aliyekuwa nayo kabla yako alikata mpira wa tyubu akaubandika. Mpira wa tyubu haustahimili petroli, huvimba na kulainika kama ulimi. Tafuta gasketi ya mpira unaofaa kwa mafuta.

Ya pili ni mpira wa kuteremshia petroli kwenda kwenye kabureta. Ukunje kwa vidole. Ukiona nyufa ndogo ndogo, ubadilishe wote pamoja na klipu zake. Usikate kipande kilichopasuka ukaurudisha ukiwa umevutika, kwani utachomoka njiani.

Ya tatu si kosa kabisa. Mfuniko una kitundu cha kupumulia, nao mvuke hutoka pale jua likiwa kali. Usikizibe kwa kuchukia harufu. Kikizibwa, petroli inashuka lakini hewa haiingii, na pikipiki itazima baada ya kilomita chache kana kwamba imeishiwa mafuta. Dalili yake: ukifungua mfuniko unasikia tangi likivuta pumzi, na ukiufunga inawaka tena.

Inavuja ikijazwa, ikipungua inaacha

Petroli hutanuka kwa joto. Lita 10 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka kiasi cha mililita 140, karibu nusu kikombe cha chai. Ukijaza mpaka shingoni kisha ukaiegesha juani Darajani mchana wa Kaskazi, hiyo nusu kikombe itatoka tu, na itapita kwenye mfuniko. Acha nafasi ya vidole viwili.

Kama umeacha nafasi na bado inavuja, paka chaki kuzunguka shingo ya mfuniko. Shingo huungwa kwenye tangi kwa mshono wake, na mfuniko uliofungwa kwa kulazimishwa miaka 30 huupasua. Ukiona mstari umeanzia hapo, nenda kwenye maelezo ya mshono, mbele kidogo.

Doa chini ya injini, au tone linaning'inia kwenye koki

Hii ndiyo malalamiko ya kila siku, na mara chache sana huwa tangi.

Anza na kabureta. Koki ikiwa wazi na tone linatoka kwenye kipaipu kidogo cha kumwagia, maana yake petroli imepanda ndani ya bakuli na sindano ya floti, kile kiboya kinachopanda na petroli, haifungi. Gonga bakuli polepole kwa mpini wa bisibisi, kwani pengine ni taka imekwama. Ikikoma kisha ikarudi kesho, fungua bakuli. Kama floti ni ya shaba, itikise sikioni. Ukisikia petroli ndani, imetoboka na imezama. Tazama ncha ya sindano, ikiwa na mkwaruzo unaozunguka kama pete, haitafunga tena. Ila tazama pia hicho kilichokwama. Kikiwa unga mwekundu, umepewa habari ya tangi. Kutu imeanza ndani, na kabureta imekuwa ya kwanza kukuambia.

Kisha koki yenyewe. Tone likitoka kwenye mkono wa koki, kule unakozungusha, ni kile kipande cha mpira chenye matundu kilicho nyuma ya mkono. Hukauka, hasa kwa pikipiki iliyokaa miezi bila kuendeshwa. Ukikigeuza upande wa pili unaweza kupata wiki mbili za kutafuta kipya.

Tone likitoka pale koki inapokutana na tangi, tofautisha aina. Honda nyingi za zamani zina nati kubwa moja yenye hesi za kupingana: upande mmoja hufunguka kulia, wa pili kushoto, kwa hiyo ukiizungusha huachia tangi na koki kwa pamoja. Wakati wa kurudisha, ishike nati kwenye pande zote mbili sawa kabla ya kukaza, la sivyo itafika mwisho upande mmoja na upande wa pili utabaki umelegea. Watu hukaza zaidi, hesi inakufa, kisha wanazungushia uzi na gundi. Yamaha na Suzuki nyingi hufungwa kwa skrubu mbili. Petroli hupita hata kwenye hesi za skrubu hizo, ndiyo maana zina wosha zake maalumu. Wosha za kawaida za chuma hazitaziba.

Vespa ni hadithi nyingine. Koki yake iko chini ya tangi, ndani ya mwili, na mkono wake hutokeza nje tu. Tone la koki haliendi chini moja kwa moja, huingia kwenye sanduku la kabureta, na ukiiacha koki wazi usiku kucha, petroli huweza kuteremka mpaka ndani ya injini. Asubuhi unapiga kiki, haipandi, plagi imelowa, na ukiichomoa petroli inaruka. Mwenye Vespa ajizoeze kufunga koki kila anapoegesha, hata kama ni kushuka kwa ajili ya sala tu. Kuitengeneza ni lazima utoe kiti, ulegeze tangi, ulinyanyue kidogo, uchomoe mpira na mkono wa koki, ndipo litoke. Nati ya koki iko ndani kabisa na inahitaji spana ndefu ya T iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nimeona mtu akiigonga kwa patasi. Alipata koki mpya na tangi jipya siku moja.

Rangi imetoka mapovu, tangi linatoka jasho

Hapa sasa ni tangi kweli.

Kutu ya kwetu huanza ndani. Tangi lililo nusu hujaa hewa yenye unyevu wa bahari. Usiku chuma kinapoa, unyevu unageuka matone, matone yanateremka. Maji ni mazito kuliko petroli, basi hukaa chini kabisa na hayatoki. Ongeza petroli iliyonunuliwa kwa chupa barabarani wakati wa Masika, na ule ufunguzi wa mfuniko kwenye mvua. Pikipiki inayoegeshwa kwa stendi ya ubavu hulala kushoto, kwa hiyo pembe ya chini ya kushoto, nyuma, ndiyo huliwa kwanza. Tia kidole hapo. Rangi ikiwa na mapovu, au ikibonyea kama karatasi iliyolowa, chuma kimebaki chembamba.

Hakikisha kwa kutoa petroli ya chini kabisa kwenye chupa ya kioo. Iache itulie. Maji yatakaa chini yakiwa na mstari wake, na unga mwekundu chini ya maji.

Sababu ya pili ni ya nje. Mipira inayokalisha tangi juu ya fremu imekwisha na chuma kinasuguana na chuma, au tope lenye chumvi limekaa ndani ya lile bonde la chini ya tangi. Anayependa kukimbiza pikipiki ufukweni Paje maji yakitoka, alioshe bonde hilo kwa maji yasiyo ya chumvi siku hiyo hiyo.

Ukiwa safarini, tuseme umetoka Konde unaelekea Chake na tundu la sindano limeanza kutona, chukua sabuni ya mche iliyo kavu, isugue kwa nguvu juu ya tundu mpaka ijae. Petroli haiyeyushi sabuni. Itakufikisha nyumbani. Isikae hapo wiki. Silikoni ya kuzibia madirisha usijaribu kabisa: petroli huilainisha, ikang'oka vipande vipande na kushukia kwenye kabureta.

Kwa matundu madogo yaliyo pahala pamoja na chuma kinachozunguka bado kigumu, unaweza kuziba mwenyewe bila moto. Toa tangi, limwage, lioshe ndani kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara kadhaa, liache wazi lipigwe upepo siku nzima. Kwangua rangi kuzunguka tundu kwa msasa mpaka chuma king'ae, upana wa sarafu kubwa kila upande. Futa kwa tina. Changanya gundi ya epoksi ya sehemu mbili, ile iliyoandikwa wazi kuwa inastahimili petroli, ubandike pamoja na kipande kidogo cha bati kilichosuguliwa. Iache saa 24, si saa mbili. Gundi iliyobandikwa juu ya rangi inaishika rangi tu, na rangi ile imeshaachana na chuma.

Kutu ya ndani nayo itolewe, la sivyo tundu la pili liko njiani. Ziba shingo na shimo la koki. Toa koki kwanza, maana asidi hula shaba na mipira yake. Tia mnyororo mfupi wa chuma au konzi ya nati ndogo pamoja na maji ya sabuni, zungusha na kutikisa kama unayepeta mchele. Zihesabu nati unapozitia. Mwaga, suuza. Kisha jaza siki nyeupe mpaka juu, au maji ya moto yaliyochanganywa na ndimu ya unga, gramu 50 hivi kwa lita. Jaza kabisa, kwa sababu ukiacha nusu, juu hapatasafika. Angalia baada ya siku moja, na ikibidi ongeza ya pili. Linda rangi ya nje, kwa kuwa siki ikitona juu ya rangi ya zamani huifanya nyeupe.

Hatua inayoharibiwa na wengi ni ya mwisho. Chuma kilichotoka kwenye asidi ni uchi, na kwa hewa yetu hurudi kuwa chekundu ndani ya dakika chache. Suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, suuza tena maji safi, kausha upesi kwa upepo na jua, halafu papo hapo tia kikombe cha petroli kilichochanganywa na oili na uzungushe pande zote. Ipo pia rangi ya kupaka ndani ya tangi. Ni nzuri ikiwa ndani ni pakavu na pasipo mafuta hata chembe. Ikipakwa kwa haraka hubanduka kama ganda la nyoka, na kuitoa ni kazi kuliko kutu yenyewe.

Acha hapa: ukibonyeza bisibisi polepole na ikapenya, au matundu yamezidi matatu na yametawanyika, tangi hilo halizibwi. Linahitaji kukatwa na kuungwa bati jipya, au kubadilishwa.

Limeanza kuvuja baada ya kusafishwa

Hukuliharibu. Kutu yenyewe ndiyo iliyokuwa kizibo. Fundi mmoja wa makamo aliniambia, nilipomletea tangi langu likiwa safi na linatona pahala pane, "Ami, umelivua nguo, sasa unaona mbavu." Ndiyo maana ni bora usafishe kwanza, uzibe baadaye, na rangi ya nje iwe ya mwisho kabisa.

Mstari umeanzia kwenye mshono, au kwenye masikio ya kufungia

Mshono ukilowa kwa urefu, kwa kawaida ni kutu iliyoingia kati ya bati mbili. Ukilowa pahala pamoja karibu na sikio linaloshika boliti, ni ufa wa mtikisiko: mipira ya kukalia imekufa, boliti imekazwa kupita kiasi, na injini imetikisa mpaka chuma kikachoka. Badilisha mipira kabla ya kuziba ufa, ama utarudi baada ya mwezi.

Epoksi kwenye ufa wa mtikisiko haidumu. Ufa unahitaji moto, na hapa ndipo mwenye pikipiki anapoweka spana chini. Usichomelee mwenyewe, usimpe kijana wa mageti ambaye hajawahi kushika tangi, na usikubali neno "limeshakauka". Petroli hujificha ndani ya mikunjo ya mshono na chini ya kutu, ikipata joto hutoka tena kuwa mvuke. Fundi anayejua kazi utamjua kabla hajawasha: ataliosha tangi kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, ataliacha wazi, kisha atalijaza maji mpaka karibu na ufa ili pasibaki pahala pa mvuke kukaa. Anayelipulizia moshi wa ekzosti kisha akawasha, chukua tangi lako uondoke.

Tundu dogo mbali na mtikisiko linaweza kupigwa lehemu kwa risasi, ambayo haihitaji joto kali kama la kuchomelea. Masharti ya kuosha ni yale yale.

Kabla ya kulirudisha

Usilipime kwa kompresa ya kujazia magurudumu. Bati la tangi ni jembamba, litavimba mshono ukaachia. Ziba shimo la koki, zungushia kitambaa kilicholowa kwenye shingo, puliza kwa mdomo tangi likiwa limezamishwa kwenye beseni, au paka povu la sabuni kwenye viungo. Mapovu yakitoka, hujamaliza. Tangi lenye harufu ya petroli usilipulize kwa mdomo, tumia pampu ya baiskeli, pole pole.

Likipita, tia lita moja tu ya petroli, liweke juu ya matofali mawili nje, karatasi chini yake, upande ule ule lilipokuwa likivuja ukiwa chini. Likae usiku mzima. Asubuhi karatasi ikiwa kavu, paka chaki mara moja zaidi kwenye koki, kwa sababu umeitoa na kuirudisha, na mara nyingi tone la pili huwa limetoka mkononi mwako mwenyewe.